Kula tapas Uhispania bila kubabaika

Usifike kwenye baa ya tapas, yaani vyakula vya visahani vidogo, saa moja jioni. Majiko mengi ya Uhispania huanza kazi ya usiku saa mbili na nusu hivi, na shamrashamra zenyewe ni kuanzia saa tatu. Kaunta ikijaa, sogea karibu, mtazame mhudumu machoni, agiza kwa sauti, ukinyamaza utapitwa.

Soma ukubwa kwanza: tapa ni kisahani kidogo, media ración ni nusu sahani, ración ni sahani nzima ya kugawana. Watu wanne wakiagiza ración sita kwa mkupuo, meza hujaa, kroketi (vidonge vya kukaanga vyenye ganda kavu) hupoa na ganda lake hulegea. Ni hasara kweli. Agizeni mbili tatu, malizeni, ongezeni. Anzeni na jamón (paja la nguruwe lililokaushwa) na zeituni, kisha gambas al ajillo: kamba wanaofika wakitokota kwenye mafuta ya zeituni na vitunguu saumu. Subiri dakika mbili usiungue, halafu chovya mkate kwenye mafuta hayo. Ladha yote imo humo.

Mjini Granada, tapa huja bure na kinywaji. Mjini San Sebastián, usitupe vijiti vya pintxo (vitafunwa vilivyochomekwa kijiti), maana baadhi ya baa huvihesabu kupata bili. Nayo bili haiji mpaka uiombe: “La cuenta, por favor.”