Umepata siku kwenye mashine ya nyutroni? Soma hii kabla hujafunga begi

Nawaandikia nyie wa huku Mbeya na Iringa mnaopata nafasi ya kwenda nje kupimia sampuli kwenye mashine ya nyutroni (vile vichembe vya ndani ya atomu, vinapenya kitu mpaka unajua ndani kikoje), maana nimeshaona watu watatu wanarudi wanalia na mmoja wao ni mimi.

Visa anza mapema. Beji ya mionzi, ile inayopima umepigwa na mionzi kiasi gani, ivae, sio unaiacha kwenye begi. Mafunzo ya usalama fanya yote, bila hayo mlango hufunguliwi. Zamu za usiku pangeni kabla hamjafika, kinu cha nyuklia kinachotoa hizo nyutroni hakilali na siku 3 mlizopewa zinahesabiwa saa kwa saa, mkisinzia wote nyutroni zinapita bure huku nyuma yenu kuna foleni ya watu wa protini, wa betri, wa saruji, wote wanaisubiri mashine hiyohiyo.

Vyombo sasa. Vile vichupa vya maabara visivyopasuka kwenye moto acha nyumbani, vina boroni na boroni inazimeza nyutroni balaa, tumia vya kwatzi. Kama sampuli ni ya majimaji ulizia maji mazito, yale ambayo hidrojeni yake ni ile nzito, kwa sababu hidrojeni ya maji ya kawaida inatawanya nyutroni ovyo mpaka data inajaa ukungu kama Uporoto asubuhi. Na chupa ya maji mazito funika, inavuta unyevu wa hewani.

Ila ile fomu ya sampuli jamani, jazeni kwa makini. Mie nilienda na jembe. Jembe la zamani la wahunzi, mzee mmoja wa Ileje kaniazima, la babu yake, kalifunga kwenye kaniki, nikamwambia mzee wangu wiki mbili tu linarudi. Nyutroni zinapenya chuma sentimeta kadhaa, unaona ndani lilivyofuliwa bila kulikata, ndo maana mimi wa fizikia na mwenzangu wa historia tukaungana. Kibali cha kutoa vitu vya kale tulikuwa nacho. Fomu ikauliza sampuli ina nini, nikaandika "chuma", basi. Kumbe ndani kulikuwa na kobalti kidogo. Kobalti ikipigwa na nyutroni inageuka kobalti 60, na mionzi yake inachukua miaka 5.27 kupungua nusu, sio kama manganizi ambayo saa mbili na nusu tu nusu imeshaondoka na kesho yake umeisahau. Siku ya kuondoka dada wa usalama akapitisha mita ya mionzi juu ya jembe, ikalia. Akarudia, ikalia. Jembe likaingia kwenye kabati la madini ya risasi, la kuzuia mionzi, mimi nikapanda ndege na kaniki tupu.

Nikampigia mzee. Kimya kwanza, halafu: "Sasa mwanangu, jembe langu limefungwa miaka mingapi?" Mpaka leo simu ikitoka Ileje nafikiria mara mbili kupokea.

Kwa hiyo pima kwanza huku nyumbani kwa eksirei, orodhesha kila kitu hata kile kidogo kabisa, wa kule watakokotoa mionzi yake itatulia lini. Na mwenye mali mwambie wazi kwamba huenda kisirudi, aamue mwenyewe.

Mengine mnayajua. Ulichohamisha kwenye mashine rudisha, na uandike kwenye daftari, anayekuja sio mganga. Usichokijua usishike. Kabla ya kufunga kile chumba cha mashine zunguka uangalie kama kuna mtu ndani, hata kama una uhakika hakuna, zunguka tu. Na beba koti, usijidanganye kwamba umekulia Uyole.