Umechoka kila siku? Angalia damu kwanza, alafu songesha ile chai

Mimi naishi orofa ya tano, fleti haina lifti, na mwaka jana nilianza kupumzika nikifika ya tatu, baadaye nikawa napumzika ya pili, moyo unapiga mpaka nausikia masikioni, na ukiambia watu hapa Nairobi umechoka kila mtu anakujibu ata yeye amechoka. Kliniki moja ya mtaani waliniambia ni stres wakanipea panadol nikaenda nyumbani. Ni dada yangu mkubwa aliyeniuliza, wee, hiyo odowa, yale mawe laini ya udongo, mbona unakula hivo kila siku?

Odowa ndio ilinifichua. Wengi tunadhani ni ya wajawazito peke yao, lakini ukijipata unanunua yale mawe kwa mama mboga kila jioni, ama unatafuna barafu, ama mvua ikinyeshea vumbi ile harufu inakujaza mate mdomoni, shuku damu yako iko chini. Na odowa yenyewe inafanya mambo kuwa mabaya zaidi, juu huo udongo unashika tumboni madini ya chuma, yale mwili unatumia kutengeneza damu, hayaingii mwilini. Dalili zingine ni kizunguzungu ukisimama haraka, nywele kubaki kwa kitana, kuumwa na kichwa, na ukivuta kope la chini mbele ya kioo unaona ndani pamepauka badala ya kuwa pekundu.

Sasa usikimbilie dawa. Pima. Kipimo kinaitwa ful hemogramu, kinafanywa karibu kila maabara, na namba ya kuangalia ni hemoglobini. Kwa mwanamke ambaye hana mimba inafaa iwe 12 kwenda juu, mjamzito tunasema 11. Yangu ilikuwa 8.2. Ukiwa na pesa kidogo ya kuongeza, omba pia feritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini, na nitakuelezea kwa nini: hemoglobini ni kama pesa iko mfukoni, feritini ni ile umeweka kwa sacco, unaweza kuwa na ya matumizi leo na huku akiba imeisha kabisa, na hapo ndio mtu anaambiwa damu yake iko sawa na bado hawezi kuinuka asubuhi.

Alafu tafuta damu inaenda wapi. Kwa wengi wetu inaenda na hedhi, na hapa naomba uwe mkweli kwa daktari hata kama ni mwanaume na unaona aibu. Hesabu pedi. Kama inajaa kila saa moja ama mbili, kama unavaa mbili pamoja ndio ulale, kama kuna mabonge makubwa ama siku zinapita saba, hiyo ni nyingi, hata kama mama yako alikuwa hivo na shosho pia. Inaweza kuwa fibroidi, zile uvimbe za kizazi, na zikiwa ndio sababu utakula maini mpaka uchoke na damu itaendelea kushuka. Uliza pia kuhusu minyoo na vidonda vya tumbo. Na choo kikiwa cheusi kama lami na haumezi dawa za chuma, usingoje, nenda siku hiyo hiyo.

Haya, chakula. Kitu ningetaka kila dada asikie ni hii ya chai. Tunakunywa chai na mkate asubuhi, chai na mandazi saa nne, chai ikiteremsha lanchi, na jioni ugali ukiisha thermosi inafunguliwa tena. Majani ya chai yana tanini zinazoshika chuma ya mboga na maharagwe, na maziwa yanaongezea, kwa hio unaweza kula terere wiki nzima na upate kidogo sana. Sikwambii uache chai, mimi mwenyewe siwezi, nakwambia isonge. Inywe angalau saa moja kabla ya chakula, ama saa moja ama mbili baada yake. Kahawa ni vivyo hivyo. Managu nayo tunapenda kuichemsha na maziwa, ni tamu kweli, lakini huu wakati unajenga damu ipike na nyanya.

Badala ya chai weka kitu kichachu, juu vitamini C inasaidia chuma kuingia. Kachumbari juu ya ndengu, chungwa baada ya githeri, pera, ndimu kamulia mboga ikiwa tayari umeiepua kwa moto, maana ukichemsha vitamini inapotea. Maharagwe loweka usiku na umwage hayo maji. Uji wa wimbi ni mzuri na ukiuacha uchachuke ni mzuri zaidi, weka ndimu, siyo maziwa.

Nyama ndio inaingia haraka, na si lazima iwe ya bei. Maini robo, omena, na uulize bucha kama ako na wengu, watu wengi wanaipita na hiyo ina chuma nyingi kushinda stek. Hata nyama kidogo ya kusaga ndani ya maharagwe inavuta chuma ya maharagwe yenyewe. Mjamzito asizidishe maini, hasa miezi ya kwanza, vitamini A yake ni nyingi sana. Na bitiruti, najua tunaipenda, kunywa ukitaka, lakini chuma yake ni kidogo, ni rangi tu inatufanya tuiamini.

Ukiwa chini kama nilivyokuwa mimi chakula peke yake hakitoshi, utapewa vidonge. Wajawazito kliniki za serikali wanapewa vile vyenye chuma na foliki asidi, tafadhali usiviweke kabatini. Meza na maji ama juisi ya chungwa, kamwe si na chai, wala na dawa ya kupunguza asidi ya tumbo wakati mmoja. Choo kitakuwa cheusi, hiyo ni kawaida ya dawa. Vikikufungia tumbo ama kukutapisha meza baada ya chakula kidogo, ama rudi wakubadilishie, usiache kimya kimya. Mwenye selimundu (sickle cell) asimeze chuma kabla daktari wake hajasema. Na uviweke juu kabisa watoto wasifikie, mtoto mdogo akimeza vingi vinaweza kumuua.

Kama pumzi inakata ukiwa umekaa tu, ama kifua kinauma, ama umezimia, hiyo ni hospitali saa hiyo.

Rudi upimwe baada ya kama mwezi. Mimi nilikuwa 10.1, baadaye 12.4, na hata hapo daktari aliniambia niendelee miezi mitatu zaidi ndio ile akiba ijae, hapo ndio wengi wanaachia na mwaka ujao wanaanza upya. Ngazi zilichukua muda. Hamu ya odowa ndio iliisha mapema, kama wiki ya pili hivi, nilipita kwa mama mboga nikanunua ndimu na dania nikaenda zangu.