Kuanza Taftingi: Vifaa vya Kununua, na Kipi Kitangulie

Karibu kila anayetaka kuanza huniuliza swali lilelile: "Dada, ninunue mashine gani?" Nadunga mazulia hapa Dar es Salaam, na jibu langu halijabadilika: mashine ichague mwisho. Zulia la kwanza huharibikia kwenye kitambaa, kwenye fremu au kwenye uzi. Ni nadra kuharibiwa na mashine.

Kwa asiyeifahamu kazi hii: taftingi ni kudunga uzi kwenye kitambaa kilichowambwa kwenye fremu, kwa mashine inayoshikwa kama drili. Unafanya kazi upande wa nyuma, manyoya ya zulia yanatokea upande wa pili. Ukimaliza unapaka gundi nyuma ili uzi usichomoke.

Hatua ya 1: Amua zulia lenyewe

Chagua zulia dogo, sentimita 60 kwa 60, lenye maumbo makubwa na rangi tatu au nne. Amua pia kama unataka manyoya yaliyokatwa au vitanzi visivyokatwa, kwa sababu uamuzi huo ndio utakaochagua mashine. Mimi nashauri manyoya. Ukikosea mstari, mkasi unarekebisha; kwenye vitanzi kosa linabaki wazi.

Hatua ya 2: Kitambaa

Hapa ndipo nilipopotezea fedha zangu za kwanza. Nilinunua marekani nzito, nikaiwamba ikakaza, nikaanza kudunga. Sindano haikwenda hata shubiri moja, nikasikia mlio wa kuchanika, na ufa ukafunguka kuufuata mstari wangu. Sindano ya taftingi ni mrija mnene wenye ncha, uzi unapita ndani yake. Kwenye marekani nyuzi zimebanana kiasi kwamba mrija haupati pa kupenya, unazikata. Nikahamia gunia. Gunia halikuchanika, lakini matundu yake ni makubwa, halikushika uzi: nilivuta unyoya mmoja kwa vidole, ukafuatana na wenzake.

Kitambaa kinachofaa kimefumwa makusudi kwa kazi hii. Huwa cha poliesta, au poliesta na pamba, nyuzi zake ni imara lakini zinasogea kuipisha sindano kisha zinarudi kuubana uzi. Mara nyingi kina mistari ya rangi kila baada ya sentimita tano hivi, nayo inasaidia kuwamba bila kupinda. Kipime hivi kabla ya kununua mita nyingi: penyeza sindano nene ya kufumia, itoe, kisha sugua lile tundu kwa ukucha. Tundu likijifunga, kitambaa ni kizuri. Likibaki wazi au uzi mmoja ukiwa umekatika, kiache. Kujifunga huko ndiko kutakakokuwezesha kuchomoa mstari uliokosea na kuudunga upya.

Usikate kitambaa kwa kubana. Kwa fremu ya sentimita 90 mimi hukata mita moja na zaidi kidogo kila upande, nikakunja kingo zisifumuke.

Hatua ya 3: Fremu

Kwa zulia la 60 kwa 60, uwazi wa ndani wa fremu uwe angalau sentimita 80 kwa 80. Mguu wa mashine, ile sehemu inayogandamiza kitambaa, unahitaji nafasi, ukikaribia ubao mno unagonga. Mwambie seremala akupe mbao za inchi mbili kwa mbili zilizokauka vizuri. Mbao mbichi zitapinda na kitambaa kitalegea katikati ya kazi.

Kuzunguka fremu pigilia vile vibao vyembamba vyenye misumari midogo iliyolala, wanavyotumia mafundi wa kutandika mazulia ya ukuta hadi ukuta. Misumari yote ielekee nje. Ukivikosa, piga misumari midogo isiyo na kichwa kila baada ya sentimita mbili, uilaze kuelekea nje.

Kuwamba kwenyewe ni kama kuwamba ngoma. Anza katikati ya upande wa juu, kisha katikati ya chini, kisha kushoto na kulia, halafu sogea kidogo kidogo kuelekea pembeni, ukibadilisha pande zinazotazamana. Ukimaliza duru ya kwanza, ng'oa na uvute tena. Ndiyo, tena. Gonga kitambaa kwa kidole: kikilia kama ngoma, anza kazi. Kikikupa sauti nzito iliyozama, mashine itakisukuma badala ya kukitoboa, na mistari yako itaruka.

Fremu isimame wima na isitikisike. Klempu mbili na meza nzito zinatosha. Hakuna haja ya kutengeneza miguu mwanzoni.

Hatua ya 4: Uzi

Akriliki ndiyo nampa anayeanza. Ni nafuu, rangi ni nyingi, hufulika, na nondo hawaili. Sufu ni bora zaidi kwa zulia la kukanyagwa kila siku kwa sababu manyoya yake hurudi kusimama, lakini ni ghali na kuipata ni kazi. Pamba inapendeza ikiwa mpya, ila hulala upesi ikikanyagwa, na huku pwani hunyonya unyevu.

Mimi hununua Kariakoo. Nyuzi za koni wanazofumia sweta za shule zinafaa, ila ni nyembamba, kwa hiyo unganisha nyuzi kadhaa zipite pamoja kwenye sindano. Uzi wa madonge wa unene wa kati, pitisha miwili kwa pamoja. Ukubwa sahihi ni ule unaojaza tundu la sindano bila kukwama: uvute kwa mkono, upite laini.

Ili usinunue kwa kubahatisha, pima. Weka uzi kwenye mizani ya jikoni, dunga mraba wa sentimita 10 kwa 10, upime tena. Zulia la 60 kwa 60 ni miraba 36 kama huo. Mraba ukila gramu 25, zulia litakula gramu 900. Ongeza kidogo, na nunua rangi moja yote siku moja, ukihakikisha namba ya rangi kwenye karatasi inafanana. Nyekundu ya leo na nyekundu ya mwezi ujao zinaweza kutofautiana, na tofauti hiyo haionekani dukani, inaonekana sakafuni.

Donge lililobana lifungue na ulizungushe upya kwa kulegeza. Uzi ukivutwa kwa nguvu, mashine inadunga lakini haiachi kitu.

Hatua ya 5: Mashine

Sasa tumefika. Zipo za kukata manyoya, za vitanzi, na zinazofanya yote mawili. Kwa lugha ya wauzaji, AK-I ni ya kukata, AK-II ni ya vitanzi, AK-DUO inafanya yote. Chukua ya kukata peke yake. Ina marekebisho machache, na urefu wa manyoya, takriban milimita 7 hadi 18, unatosha kwa mazulia mengi. Zile za upepo zinazohitaji kompresa ziache kwa sasa.

Kabla ya kulipa, soma kibandiko cha adapta. Kiandike volti 100 hadi 240. Umeme wetu Tanzania ni volti 230; mashine ya 110 pekee itaungua usipotumia transfoma. Hakikisha pia unapata sindano ya akiba na mkasi wa akiba, ule wa ndani ya mashine unaokata manyoya. Ya mtumba inunue tu kama muuzaji ataiwasha na kudunga mbele yako.

Kama fedha haitoshi, nunua sindano ya kudungia kwa mkono. Kitambaa, fremu na nyuzi zitabaki zilezile siku utakapopata mashine. Biashara kubwa ya mazulia ya Dalton, Georgia, Marekani, ilichipuka kutokana na mkono wa msichana, Catherine Evans, aliyedunga tandiko la kitanda kwa sindano na mwaka 1900 akauza la kwanza kwa dola 2.50.

Hatua ya 6: Gundi na kitambaa cha nyuma

Tumia gundi ya lateksi ya maji, ile ya mazulia. Gundi nyeupe ya mbao inashika lakini zulia linakuwa gumu kama ubao na kuvunjika likikunjwa. Gundi ya mafundi viatu sikushauri kabisa: mvuke wake ni mkali na inashika moto haraka.

Paka tabaka jembamba zulia likiwa bado kwenye fremu, uvuke ukingo wa mchoro kwa sentimita mbili au tatu. Kiangazi siku moja inatosha. Wakati wa masika mimi naliacha siku mbili, kwa sababu niliwahi kulitoa mapema na kona yote ikalegea. Likikauka, bandika felti au khaki nzito nyuma. Kwa sakafu ya vigae ongeza wavu wa mpira usiteleze.

Hatua ya 7: Vitu vidogo

Mkasi mkali, mashine ya kunyolea ya kusawazisha manyoya, mafuta ya cherehani, miwani na barakoa, kwa sababu vumbi la nyuzi ni jingi. Usivae dera wala mtandio unaoning'inia karibu na mashine. Nywele zifunge. Feni izimwe unaponyoa.

Siku ya kwanza usianze na mchoro. Kwenye kona ya kitambaa dunga mistari mifupi, ukitoka chini kwenda juu, mguu wa mashine ukigandamiza kitambaa wakati wote. Zunguka mbele uangalie. Ukiona mapengo, ulinyanyua mashine au uzi ulivutwa. Mistari ikiwa sawa, chora. Kama kuna herufi, zigeuze kama zinavyoonekana kwenye kioo, maana unadunga nyuma na jina litasomeka mbele.