Namna ya kuusoma muswada wa simu za vijijini kabla haujawa sheria

Nimepanda minara ya simu miaka kumi na tisa, na miswada nimeanza kuisoma kwa sababu ya mama mmoja. Alinikuta nikifunga zana chini ya mnara akaniuliza, "Fundi, kwenye karatasi zao sisi tumeshafikiwa. Mbona nikitaka kumpigia mwanangu napanda kichuguu?" Sikuwa na jibu. Nilipoitafuta sheria, jibu nililikuta kwenye kifungu cha tafsiri, kile kinachoeleza maana ya maneno yaliyotumika.

Nawe anzia hapo. Utangulizi uruke, ni maneno ya posa. Tafuta wamesemaje kuhusu "kufikiwa na huduma": wanahesabu watu au ardhi? Watu wamejazana mijini, kwa hiyo asilimia kubwa ya watu hutimia upesi huku malisho na barabara ndefu zikibaki kimya. Uingereza, makubaliano ya serikali na kampuni za simu ya mwaka 2020 yalilenga asilimia 95 ya ardhi, na hilo ni deni zito zaidi. Angalia pia watapima wapi. Gari la vipimo hupenda lami; nyumba ya yule mama iko bondeni.

Kisha tafuta namba. Ufini, kuanzia Julai 1, 2010, kila mkazi alikuwa na haki kisheria ya intaneti ya megabiti 1 kwa sekunde. Ni kidogo, lakini unaweza kupima na kushtaki. Pasipo namba, angalau pawe na cha kulinganisha: sheria ya Marekani ya 1996, kifungu cha 254, inataka huduma na bei za vijijini zilingane na za mijini kwa kiasi cha kuridhisha. "Huduma bora" peke yake haimbani mtu yeyote.

Zungushia wino kila "isipokuwa" na kila "endapo". Uingereza hiyohiyo ilitoa haki ya megabiti 10 mwaka 2020, ila gharama ya kukuunganisha ikizidi pauni 3,400, ziada unalipa wewe. Na anayezidi ni nani kama si yule wa mbali kabisa?

Kwenye fedha kaa muda mrefu. Kujua nani anachangia ni rahisi. Kenya, kwa mfano, kampuni hutoa asilimia 0.5 ya mapato ghafi kwenye mfuko wa huduma kwa wote, ule wa kufikisha mawasiliano kusikolipa. Swali gumu ni fedha hizo zinanunua nini. Kujenga mnara ni kazi ya wiki chache. Kuuweka hai ni dizeli, betri, walinzi na fundi wa kupanda mvua inaponyesha, mwaka baada ya mwaka, mahali ambapo vocha zinazonunuliwa hazirudishi hata hela ya mafuta. Nimepanda minara iliyokatiwa utepe kwa shangwe, jenereta imekauka, nyuki wamehamia kwenye kabati la betri. Kama muswada unataja "ujenzi" na hautaji "uendeshaji", hiyo ndiyo hoja yako ya kwanza.

Jambo moja husahaulika kwa kuwa halionekani: njia ya simu. Marekani, kampuni zilikuwa zikipitisha simu za kwenda vijijini kwa madalali wa bei ya chini. Mpigaji anasikia inaita, kumbe kule haijalia kabisa. Sheria ya Februari 2018 iliwalazimisha madalali hao kujisajili kwenye Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano na kufuata viwango vya ubora. Mnara ulikuwepo muda wote. Kwa hiyo uliza kama muswada wako unagusa na hao wa katikati.

Sasa andika maoni. Ukurasa mmoja, usihutubie. Taja kifungu, nukuu maneno yao, weka yako, toa sababu moja: "Kifungu cha 9(2): futa 'kadiri itakavyowezekana', weka 'ndani ya miezi 18'." Mwandishi wa sheria anapenda kupewa maneno yaliyo tayari kubandikwa, malalamiko huyasoma na kuyaweka pembeni.

Ambatisha daftari la simu la wiki mbili: saa, ulipokuwa umesimama, ilitoka au ilikata. Yule mama alinijazia lake kwa penseli, na kwenye safu ya "mahali" ameandika "kichuguuni" kuanzia juu hadi chini. Tulilipeleka hivyohivyo, nakala yetu ikagongwa muhuri wa mapokezi.