Jinsi ya kusoma magofu ya mji wa biashara: anzia Kunduchi, kisha Kilwa

Kilwa ni mbali na nauli haichezi, kwa hiyo mimi wanaoanza huwapeleka kwanza magofu ya Kunduchi, hapahapa Dar. Beba daftari, penseli, tepu ya kupimia na simu yenye chaji. Jembe libaki nyumbani: sheria ya mambo ya kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuchimba kunataka kibali. Kigae, yaani kipande cha chungu au sahani iliyovunjika, ukikiokota, kitazame, kipige picha, kirudishe palepale.

Hatua ya 1: mawe. Matumbawe na chokaa. Piga picha, pima unene wa kuta, songa mbele.

Hatua ya 2: vigae. Hapa usiwe na haraka. Usianze na rangi, anza na pale kilipovunjika. Kaure (vyombo vya udongo mweupe mwororo) ya Kichina ni nyeupe ndani, imeshikana kama kioo. Chungu cha kienyeji kina chembe za mchanga, na mara nyingi katikati ni cheusi kwa sababu kilichomwa kwenye moto wa wazi. Masizi kwa nje? Hicho kilipikiwa. Kigae cha manjano chenye michirizi myeusi kilitoka Yemen, karne ya 14. Kwenye makaburi ya Kunduchi utaona pia jinsi bakuli za kaure zilivyopachikwa ukutani kama pambo.

Hesabu vyote, vya kienyeji na vya kigeni. Wengi hukimbilia vinavyong'aa, wakaishia kuandika habari za sahani za matajiri na kuziita biashara ya mji mzima.

Hatua ya 3: ukuta. Sasa panda basi hadi Kilwa Masoko, uvuke kwenda kisiwa cha Kilwa Kisiwani, kwenye magofu yenyewe. Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman la karne ya 14, lina ua mkubwa uliozungukwa na vyumba vinavyodhaniwa kuwa maghala. Dhahabu ya Sofala, bandari ya kusini katika Msumbiji ya leo, ndiyo iliyolipia fahari hiyo. Jirani yake ni Husuni Ndogo: kuta nene, minara, umbo la ngome kabisa. Lakini mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba miaka ya 1960, ndani hakukuta vitu vingi. Kama palikaa askari, vyungu vyao viko wapi? Wengine wanasema soko, wengine kambi. Mimi nashuku soko pia, maana wafanyabiashara nao huacha takataka.

Kwa hiyo kwenye daftari andika kwanza "uzio wenye minara", vipimo na idadi ya vigae. Neno "ngome" liandike kwa penseli.