Unataka uzimamoto? Anzia nyuma ya ambulansi

Kitu ambacho watu wengi wanaotamani kazi ya faya huwa hawaambiwi mapema ni kwamba moto wenyewe utauona kwa nadra. Naongelea Marekani maana ndo mfumo ninaoujua, na huku zaidi ya nusu ya matukio wanayoitiwa wazimamoto ni ya wagonjwa, mzee kaanguka bafuni, mtu kifua kinambana, sukari imeshuka, magari yamegongana, mtoto hapumui vizuri. Nyumba kuwaka ni sehemu ndogo tu ya kazi. Ndo maana idara nyingi zikitangaza nafasi utakuta wanataka uje tayari na EMT, yaani ile ngazi ya msingi ya mhudumu wa dharura, na hata zile ambazo haziitaki mara nyingi zinakusomesha zenyewe ukishaajiriwa. Sa kama utaisoma tu, si bora uianze mwenyewe mapema uingie nayo mkononi.

Ngazi ziko nne, EMR ambayo ni huduma ya kwanza tu, EMT, AEMT ambayo ni EMT iliyoongezewa, halafu paramediki ya juu kabisa, na we usihangaike na hizo zingine kwanza, ya kuanzia ni EMT. Sehemu nyingi wanataka uwe na miaka 18. Kozi ni kama saa 150 hadi 200 hivi, komyuniti koleji nyingi zinayo kwa muhula mmoja, na kuna za chapchap za wiki chache. Mi ushauri wangu kama Kiingereza umejifunzia ukubwani au umekaa muda bila kushika daftari chukua ile ya muhula mzima, maana za wiki chache wanakumwagia sura tatu kwa siku na we bado unatafuta neno moja maana yake nini. Kabla hujalipa uliza vitu viwili tu: je, kozi imeidhinishwa na jimbo, na je, utapandishwa ambulansi au kupelekwa hospitali mara ngapi wakati wa mafunzo. Wakianza kuzungukazunguka kwenye hilo la kwanza ondoka.

Darasani mengi utayashika ukikaa chini ukasoma, ila mikono ndo inawaangusha watu. Kukandamiza kifua kwa mfano, kwa mtu mzima ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 mpaka 6, makandamizo 30 pumzi 2, hiyo kila mtu anaikariri, lakini mpe yule mdoli wa mazoezi dakika mbili uone, mikono inaanza kupinda, kasi inapanda huku kina kinapungua na mwenyewe hujui. Jizoeze mpaka ujue mwili wako unaanza kudanganya dakika ya ngapi, na ndo maana wanabadilishana kila baada ya dakika mbili.

Mtihani wa taifa, NREMT, unafanywa kwenye kompyuta, kwa muda wa saa mbili, maswali 70 mpaka 120, na kompyuta inakupima kadiri unavyojibu, ukipata sawa inakuletea gumu zaidi. Kwa hiyo ukitoka pale unahisi umefeli usilie njiani, karibu kila mtu anatoka hivyo. Kinachowaangusha wengi ni kwamba majibu manne yote yanaweza kuwa sahihi, ila wanataka utakachofanya KWANZA. Eneo liko salama? Damu inayomwagika vibaya? Njia ya hewa, pumzi, mzunguko wa damu. Ukiwa na huo mpangilio kichwani nusu ya maswali yanajijibu. Ukifeli mara tatu unarudishwa kwenye mafunzo ya marudio kabla ya kujaribu tena. Na watu wanachanganyaga hapa: kufaulu NREMT sio leseni ya kazi, leseni inatoka jimboni, unaiomba kando, wanakuchukua alama za vidole, wanakuchunguza. Cheti cha taifa kinaisha baada ya miaka 2, weka tarehe kwenye simu kabisa.

Sasa kazi. Usitegemee ving'ora siku ya kwanza. Kampuni binafsi za ambulansi ndo zinachukua wageni, na kazi yao kubwa ni kutoa wazee kwenye nyumba za kulelea kuwapeleka kusafishwa damu na kuwarudisha, malipo madogo, shifti ndefu, na wenzio watalalamika kila saa kwamba huku sio kwenyewe. Mi nililalamika pia miezi ya kwanza. Halafu siku moja nampeleka bibi mmoja niliyekuwa namchukua wiki tatu mfululizo, siku zote anatutania mlangoni, siku hiyo hakututania. Presha ilikuwa chini kidogo tu ya kawaida yake, ngozi baridi, anajibu lakini anachelewa kama simu yenye mtandao mbaya. Namba peke yake zisingenishtua, kilichonishtua ni kwamba nilikuwa namjua akiwa mzima. Tulibadilisha safari tukaenda moja kwa moja hospitali. Hiyo kitu ya kumwona mtu akiwa sawa mara mia ndo inakufundisha kumwona asipokuwa sawa, na huipati popote zaidi ya kwenye hizo safari wanazoziita za kuchosha.

Tumia hizo safari. Pima presha kila mgonjwa kwa mkono wako hata kama mashine ipo. Gari likiwa linatembea hutasikia kitu kwenye stethoskopu, mtetemo wote unaingia kwenye masikio, so nyanyua visigino vyako visiguse sakafu, mkono wa mgonjwa usiegemee chuma cha machela, uweke juu ya paja lako, utashangaa sauti inavyokuja. Ukikosa kabisa, shika mapigo ya kwenye kifundo cha mkono, jaza hewa kwenye mkanda wa presha mpaka yapotee, toa taratibu, yakirudi ndo namba yako ya juu. Pumzi nazo usimwambie mtu nahesabu pumzi zako, atabadilisha. Shika mkono kama unahesabu mapigo halafu macho yaangalie kifua.

Na mgongo. Kunyanyua machela ni miguu sio kiuno, na ukiona mgonjwa ni mzito ita watu wa kusaidia bila aibu. Nimeona mtu kijana kabisa ndoto yake ya faya imeishia kwenye ngazi za ghorofa ya pili kwa sababu ya kutotaka kuonekana hana nguvu.

Mwili wa zimamoto unaujenga huku huku wakati uko ambulansi, usisubiri tangazo. Mtihani wa nguvu za mwili unaotumika sana unaitwa CPAT, vituo nane mfululizo kwa dakika 10 na sekunde 20, umevaa fulana ya uzito wa kilo 22 na ushee, na kwenye ngazi wanakuongezea mabegani inafika kama kilo 34. Ngazi ndo ya kwanza, dakika tatu kwa hatua 60 kila dakika, na reli ya kushikia huruhusiwi kuitegemea. Baada ya hapo unavuta mpira wa maji, unabeba vifaa, unasimamisha ngazi, unapiga nyundo, unatambaa gizani, unaburuta mdoli wa kilo 75 hivi, mwisho unasukuma na kuvuta dari. Wengi miguu inaishia pale kwenye ngazi, wanafika kwenye mdoli hawana kitu. Kwa hiyo panda ngazi na begi zito, mara tatu kwa wiki, anza na uzito mdogo, na fanya kitu kizito MARA TU baada ya kushuka, maana kupanda ngazi ukiwa umepumzika hakukuandai kuburuta mtu ukiwa unahema. Wanaotoa mtihani huwa wanakupa siku za kujizoeza na vifaa vyenyewe kabla, nenda zote.

Pembeni ya hapo tafuta idara ya kujitolea. Wazimamoto wengi Marekani ni wa kujitolea, na ukiwa na EMT wanakupokea vizuri kwa sababu wao pia simu zao ni za wagonjwa. Huko ndo unaweza kusoma Firefighter I na II, yaani vyeti vya msingi vya uzimamoto, mara nyingi wanakulipia, na unajua mapema kama kweli unaweza kuvaa barakoa ya hewa kwenye chumba chenye moshi bila kuchanganyikiwa. Kozi za mtandaoni za FEMA, shirika la serikali kuu la maafa, IS-100 na IS-700 za jinsi tukio linavyoongozwa, ni bure, fanya wikiendi moja.

Swali ninaloulizwa sana ni je, niende paramediki kabisa. Kuna idara zinawataka sana na zinawalipa zaidi, ni kweli, lakini ni mwaka au zaidi wa masomo juu ya EMT, na mtu akienda bila kukaa kwanza na wagonjwa anakuwa na dawa nyingi mkononi na macho hana. Kaa angalau mwaka. Na kama unaisoma paramediki kwa ajili tu ya kuingia faya na kazi ya wagonjwa huipendi, fikiria tena, maana ukishaingia na hicho cheti hiyo ndo utakayofanya miaka yote.

Kila mji una mlango wake pia. New York kwa mfano ambulansi za mji ziko chini ya FDNY, idara ya zimamoto ya mji, tangu 1996, na aliyeko upande wa ambulansi ana mtihani wake wa ndani wa kuhamia uzimamoto, tofauti na wa watu wa nje. Sehemu nyingine hakuna hicho kitu, unaanza foleni na wote. Soma tangazo mpaka mwisho, uraia au kibali cha kazi, umri, leseni ya udereva, maana faini zako za barabarani wataziona. Mchakato wenyewe unaweza kula zaidi ya mwaka, mtihani wa kuandika, CPAT, usaili, uchunguzi wa historia yako, daktari, so usiache kazi ya ambulansi kwa sababu umepata barua ya kwanza.

Usaili wenyewe watakuuliza kwa nini zimamoto. Usianze na utoto na gari jekundu, wameshalisikia asubuhi hiyo mara kumi. Elezea tukio moja ulilokuwepo, ulifika ukaona nini, ukafanya nini kwanza, wapi ulikosea na mwenzio akakurekebisha vipi. Usitaje jina la mgonjwa wala anwani, siri za wagonjwa zinalindwa na sheria na mezani pale kuna watu wanaosikilizia hilo tu. Mi niliwaeleza habari ya yule bibi, dakika mbili, mmoja wao akaacha kuandika akaniuliza presha yake ilikuwa ngapi. Niliikumbuka.