Kabla ya Kuwasha Skrini ya Harambee: Mambo ya Kuzingatia

Harambee nyingi za Nairobi siku hizi haziendi kwa kikapu peke yake. Watu wanatuma kwa Paybill, nambari ya M-Pesa ya kupokelea malipo, wakiwa wamekaa kwenye viti vyao, na kamati inamwomba kijana anayejua kompyuta aweke jumla ukutani ili ipande pesa zinapoingia. Kwa lugha ya programu ya Python kazi yenyewe haionekani kubwa: pokea ujumbe, uchanganue, jumlisha, onyesha. Ugumu ni kwamba tarakimu iliyokwama haina tofauti yoyote na tarakimu hai. Skrini ikisema shilingi 412,350, hakuna mtu ukumbini anayeweza kujua kama hiyo ni hesabu ya sasa hivi au ya robo saa iliyopita, kabla mtandao haujakatika. Mama aliyetuma elfu mbili na asione chochote kikisogea ataanza kuwauliza majirani pesa yake imekwenda wapi, na ana haki ya kuuliza. Kwa hiyo maandalizi yako yaelekee huko: skrini iweze kusema yenyewe kama inachoonyesha ni kweli mpaka dakika hii.

Anza na mweka hazina, mapema, wiki kadhaa kabla. Nambari ya Paybill ni ya taasisi, tuseme kanisa, na anwani ya seva itakayopokea taarifa za malipo lazima isajiliwe kwa idhini ya wenye akaunti kupitia Daraja, lango la M-Pesa la watengenezaji wa programu. Anwani hiyo iwe ya HTTPS, yaani yenye mawasiliano yaliyofichwa, na ifikike kutoka intaneti ya wazi. Laptopu iliyo ukumbini kwenye hotspoti ya simu haifai kupokea taarifa. Ipokee seva ya kukodi, na laptopu iwe ya kusoma na kuonyesha tu. Ukipanga hivyo, bando likiisha ukumbini malipo yanaendelea kuandikwa kwenye seva, na skrini ikirudi hewani itayakuta.

Kisha chukua sampuli ya ujumbe halisi na uisome herufi kwa herufi kabla ya kuandika mstari wowote wa kuuchanganua. Ujumbe unakuja kama JSON, maandishi yaliyopangwa kwa jina na thamani, na ndani yake kuna TransID (nambari ya muamala), TransTime (muda), TransAmount (kiasi), BillRefNumber (akaunti) na jina la mlipaji. Tazama TransAmount: imewekwa ndani ya alama za nukuu, yaani ni maandishi, haijawa nambari. Ukijumlisha "500" na "200" bila kuzigeuza, Python itakupa "500200" bila kulalamika, na ukumbi utapiga makofi kwa pesa ambazo hazipo. Zigeuze kwa Decimal, aina ya nambari inayotunza desimali kamili, usitumie float, ambayo hukadiria. Kwa float, 0.1 ukijumlisha na 0.2 unapata 0.30000000000000004, na ingawa wachangaji wengi hutuma shilingi kamili, hesabu ya pesa za watu haipaswi kutegemea bahati hiyo. Mimi huhifadhi kila kiasi kama senti, nambari kamili, na kugawa kwa mia wakati wa kuonyesha tu.

BillRefNumber inahitaji uvumilivu zaidi, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo mlipaji anaandika mwenyewe. Mmetangaza kwamba akaunti ni JENGO kwa wanaochangia jengo na KWAYA kwa wanaochangia sare za kwaya. Zitakuja "jengo", "Jengo ", "JENGO LA KANISA", "kwaya ya vijana", na jina la mtu bila chochote kingine. Ondoa nafasi za pembeni, geuza herufi zote ziwe ndogo, tafuta neno kuu ndani yake, na kisichotambulika kiende kwenye fungu la "Mengineyo" ambalo linaonekana kwenye skrini pia. Usikitupe na usikisie. Kamati itakipanga baadaye ikiwa na orodha mkononi.

Muda nao una mtego. TransTime ni tarakimu kumi na nne zilizobanana, kwa mfano 20240914113502, na hazitaji ukanda wa saa. Seva za kukodi kwa kawaida huwekwa kwenye UTC, saa ya rejea ya dunia, na Nairobi iko saa tatu mbele mwaka mzima. Kama mchango unaendelea kwa wiki na siku zinahesabiwa kwa saa ya seva, mtu aliyetuma saa nane usiku wa kuamkia Jumapili ataandikwa kama wa Jumamosi, na jumla za kila siku hazitalingana na za mweka hazina. Tumia zoneinfo, moduli ya kanda za saa ambayo imekuwa ndani ya Python tangu toleo la 3.9 la mwaka 2020, na taja Africa/Nairobi waziwazi. Ukiwa kwenye Windows, weka pia kifurushi cha tzdata chenye orodha ya kanda hizo, la sivyo programu itasema haiujui ukanda huo.

Hifadhi kwanza, changanua baadaye. Ujumbe ukifika, uandike ulivyo kwenye faili, mstari mmoja kwa ujumbe mmoja, ujibu haraka kwamba umeupokea, ndipo uanze kuufungua. Ujumbe wenye kasoro usiangushe programu nzima, lakini pia usimezwe kimyakimya: uweke kando na uonyeshe idadi ya vilivyowekwa kando mahali ambapo wewe unaiona. Ujumbe mmoja unaweza kufika mara mbili, hasa jibu lako likichelewa, kwa hiyo TransID iwe ufunguo wa pekee kwenye jedwali la hifadhidata, yaani isijirudie. Hifadhidata ndogo ya SQLite inatosha kabisa na inakuja na Python yenyewe. Amri ya INSERT OR IGNORE itakataa marudio bila wewe kuandika sharti lolote. Jumla isikae kwenye kigeu kinachoongezwa kila mara. Ihesabiwe upya kutoka kwenye jedwali kila inapohitajika. Miamala elfu chache si mzigo kwa SQLite, na programu ikizimika na kuwaka tena jumla inarudi ilivyo.

Kuna jambo la usalama ambalo wengi hulisahau. Anwani inayopokea taarifa iko wazi kwa dunia, na yeyote anayeijua anaweza kutuma ujumbe wa kubuni unaosema ametoa milioni moja. Ifanye anwani iwe ndefu na isiyotabirika, ruhusu tu anwani za IP za mtoa huduma, na malipo makubwa kupita kiwango ambacho kamati imekubali yasubiri mweka hazina ayathibitishe kwenye taarifa yake ya akaunti kabla hayajapanda ukutani.

Sasa njia ya kutoka kwenye seva hadi skrini. Unaweza kuufanya ukurasa uulize seva kila sekunde tano, na kwa harambee hilo linatosha. Mimi napenda zaidi mkondo wa matukio, ule wa text/event-stream, ambapo seva inausukumia ukurasa ujumbe bila kuulizwa, kwa sababu kivinjari chenyewe hujaribu kuunganisha upya ukikatika. Muundo wake ni rahisi: mstari unaoanza na data: kisha mstari mtupu wa kufunga ujumbe. Kila ujumbe ubebe jumla nzima, usibebe nyongeza peke yake. Nyongeza moja ikipotea njiani skrini itabaki na upungufu hadi mwisho wa sherehe, ilhali jumla nzima hujirekebisha kwenye ujumbe unaofuata. Kama mbele ya programu yako kuna Nginx, seva inayopitisha maombi na majibu, zima ulimbikizaji wa majibu kwenye njia hiyo, maana usipofanya hivyo ujumbe utakusanywa na kuja kwa mafungu.

Hapa ndipo skrini inapojifunza kusema kweli. Seva itume mpigo kila sekunde chache hata kama hakuna pesa iliyoingia. Watu wengi hutumia mstari wa maelezo unaoanza na nukta mbili, na huo unazuia muunganisho usikatwe, lakini msimbo wa ukurasa hauuoni kabisa. Kwa hiyo tuma tukio kamili lenye saa ya seva. Ukurasa ukikaa sekunde ishirini bila mpigo, jumla igeuke kijivu na chini yake pajitokeze maneno: "Mawasiliano yamekatika tangu 11:42. Michango inaendelea kupokelewa." Weka pia muda wa mchango wa mwisho, kando na muda wa mpigo wa mwisho. Mpigo ukiwa hai na mchango wa mwisho ukiwa wa dakika kumi zilizopita, huenda watu wanasikiliza hotuba tu, au huenda taarifa za malipo hazifiki kwenye seva. Kuna njia moja ya kutofautisha: mtu wa kamati atume shilingi kumi kutoka simu yake na atazame. Mpange huyo mtu mapema, na laini yake iwe na salio.

Ukiwa unafuatilia logi, yaani kumbukumbu za programu, kwenye dirisha la amri, kumbuka kwamba Python ikiandika moja kwa moja kwenye dirisha hutoa kila mstari papo hapo, lakini ukielekeza matokeo kwenye faili au programu nyingine hulimbikiza kwanza. Weka flush=True, au iendeshe kwa python -u, usije ukadhani mambo yamesimama kumbe yanasubiri kwenye bafa, hifadhi ya muda.

Kuhusu sura ya ukurasa sina mengi: tarakimu zenye upana sawa ili jumla isitikisike inapobadilika, mikato ya maelfu, mandhari meusi kama projekta ni hafifu. Kila kinachotoka kwa mlipaji kiwekwe kwa textContent, inayokionyesha kama maandishi tu, kisiwekwe kwa innerHTML, inayokisoma kama msimbo wa ukurasa, kwa kuwa mtu anaweza kuandika chochote kwenye nafasi ya akaunti. Majina ni suala zito zaidi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahusu jina na nambari ya simu ya mtu hata akiwa muumini wenu, na wapo wanaotoa kidogo walichonacho na hawataki kiasi hicho kisomwe ukutani mbele ya majirani. Nambari za simu zisionekane hata kidogo. Ushauri wangu ni kuonyesha jina la kwanza bila kiasi, na kumwacha anayetaka kutajwa kikamilifu amwambie mshereheshaji.

Fanya mazoezi kwa kutumia lile faili la ujumbe ghafi: skripti fupi iurudishe kwenye seva ya majaribio, kwanza polepole, kisha ujumbe hamsini kwa mkupuo, maana mshereheshaji akisema "tuma sasa" ndivyo watakavyokuja. Tuma ujumbe uleule mara mbili. Tuma JSON iliyokatwa katikati. Zima waifai dakika tatu, ua programu na uiwashe tena, na kila mara linganisha jumla ya ukutani na jumla uliyoipiga kwa kikokotoo.

Jumapili yenyewe, fika na laptopu iliyojaa chaji, hotspoti za mitandao miwili tofauti, na kebo ya ziada ya HDMI, kwa sababu huwezi kutegemea kupata duka wazi Luthuli, mtaa wa maduka ya vifaa vya elektroniki, asubuhi hiyo. Stima ikipotea projekta itazimika hata kama laptopu inaendelea, basi mshereheshaji awe na ukurasa huohuo kwenye simu yake aweze kusoma jumla kwa sauti. Na mkubaliane kabla ya ibada kwamba kiasi cha mwisho kitatangazwa na mweka hazina kutoka kwenye taarifa ya akaunti, baada ya kulinganishwa na jedwali lako muamala kwa muamala, kila TransID ikiwa na mwenzake upande wa pili.